Soketi ya usalama inakata na haikubali kurudi: nianzie wapi?

*"Jikoni, pembeni ya sinki, nina soketi ya usalama, ile yenye vitufe viwili katikati. Kwa wiki kadhaa imekuwa ikikata yenyewe, mara nyingi friji inapoanza kunguruma. Nikibonyeza kitufe inarudi, baada ya muda inakata tena. Nilichoka, friji nikaihamishia kwenye soketi ya kawaida ya sebuleni kwa ekstensheni, na kwa siku chache mambo yakatulia. Juzi ikanyesha mvua kubwa, na tangu hapo soketi ya jikoni haikubali kurudi kabisa ingawa haina kitu kilichochomekwa. Soketi ya bafuni na ya nje ukutani nazo zimekufa, lakini breka zote ziko juu. Rafiki yangu anasema nimezidisha vifaa. Jirani anayejua umeme kidogo amejitolea kuitoa soketi hiyo na kuniwekea ya kawaida, maana anasema hizi ni za kusumbua tu. Je, nikubali? Na kipi naweza kufanya mwenyewe? Nina mtoto wa miaka miwili. Ah, na siku hizi nikigusa mlango wa friji nikiwa peku nahisi kama natekenywa vidoleni, lakini si sana."*

Ndugu msomaji, naanza na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Kutekenywa vidoleni ukigusa mlango wa friji maana yake ni kwamba bodi ya friji, yaani ganda lake la chuma, ina umeme. Kabla hujaendelea kusoma, vaa viatu vikavu, zima breka inayolisha soketi ya sebuleni, kisha chomoa plagi bila kuigusa friji yenyewe. Usiiwashe tena hadi ipimwe. Chakula kilichomo kihamishie kwa mtu mwenye nafasi kwenye friji yake. Najua ni usumbufu mkubwa, lakini mtoto wa miaka miwili hushika kila kitu, mara nyingi kwa mikono iliyolowa, na hajui kuachia haraka.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Friji ilipokuwa jikoni, bodi yake ya chuma iliunganishwa na ardhi kwa waya wa ethi. Kuna umeme uliokuwa unavuja ndani yake, pengine kwenye mota ya kompresa, pengine kwenye hita ya kuyeyusha barafu. Umeme huo ulipita kwenye waya wa ethi kwenda ardhini, soketi ya usalama ikauona, ikakata. Ulipoihamisha friji, uvujaji ulihama nayo. Kilichobaki jikoni ni ulinzi. Soketi ya sebuleni haina jicho la kuona uvujaji, na nina hakika kiasi kwamba ekstensheni yako ama haina waya wa ethi, ama unao lakini umekatika ndani, au soketi yenyewe ya sebuleni haina ethi. Umeme uliovuja sasa hauna njia ya kwenda, kwa hiyo unakaa kwenye bodi ya friji ukisubiri mtu anayekanyaga sakafu kwa miguu mitupu.

Watu wengi huanza kuhisi umeme mkononi ukifika kama miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea, kipimo cha wingi wa umeme. Wewe unahisi kidogo kwa sababu ngozi yako ni kavu na sakafu ni kavu. Sakafu ikipigwa deki au mkono ukilowa, ngozi inapitisha umeme mwingi zaidi kutoka kwenye friji ileile, bila friji kuharibika zaidi hata chembe. Kwa haki niseme pia kwamba vifaa vyenye vichujio vya kielektroniki, vikikosa ethi, huweza kutekenya hata vikiwa vizima. Lakini friji ambayo kwa wiki kadhaa imeikatisha soketi ya usalama kila inapoanza kunguruma siwezi kuihesabu kuwa nzima. Na hata ingekuwa nzima, dawa ya kutekenywa huko ingekuwa ethi iliyo sawa, ambayo huna.

Sasa tuje kwenye soketi yenyewe. Naona maswali yako ni matatu: je, nimezidisha vifaa? Je, soketi imeharibika? Je, niibadilishe kwa ya kawaida? La kwanza ni rahisi. Hapana, hujazidisha. Anayekata kwa sababu ya vifaa kuzidi ni breka, na umesema breka zako ziko juu. Rafiki yako amechanganya kazi za walinzi wawili tofauti, na kosa hilo nalisikia karibu kila mahali.

Breka hutazama wingi wa umeme unaopita kwenye nyaya, ili nyaya zisipate moto na kuunguza nyumba. Breka ya ampea 16 haitajali chochote hadi uvute zaidi ya hapo au waya wa moto ugusane na nyutro. Soketi ya usalama haijali wingi. Unaweza kuchomeka pasi na birika la umeme yakavuta ampea nyingi, nayo isisikie lolote. Kazi yake ni kulinganisha. Ifikirie kama bawabu anayehesabu watu wanaotoka kwa mlango mmoja na wanaorudi kwa mlango mwingine: hata wakitoka elfu, wote wakirudi hana neno, lakini akipungua hata mmoja anafunga milango yote. Umeme unatoka kwa waya wa moto, unafanya kazi ndani ya kifaa, unarudi kwa nyutro. Kiasi kinachotoka na kinachorudi lazima kilingane. Kisipolingana, kuna umeme uliopata njia nyingine ya kwenda ardhini, na njia hiyo huenda ikawa mwili wa mtu.

Ndani ya soketi, waya wa moto na nyutro hupita pamoja katikati ya kipete cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba. Umeme wa kwenda na wa kurudi ukilingana, nguvu zao za sumaku hufutana na ule waya mwembamba haupati kitu. Ukitofautiana, nguvu za sumaku hazifutani tena, umeme kidogo huzaliwa kwenye waya mwembamba, na sakiti ndogo ya kielektroniki humwamuru nyundo wa sumaku aachanishe viunganishi. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Tofauti inayohitajika ni ndogo mno. Soketi zinazofuata utaratibu wa Marekani hukata kwenye takriban miliampea 5. Katika nchi nyingi nyingine kiwango cha kawaida cha kumlinda mtu ni miliampea 30, na vipo vifaa vya miliampea 10. Linganisha na ile breka: ampea 16 ni miliampea 16,000. Umeme unaoweza kusimamisha moyo wako unapita mbele ya breka bila breka kutikisika.

Soketi ya aina hii ilitokana na kazi ya Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyeibuni mwaka 1961. Kabla ya hapo alikuwa amepima, kwa watu waliojitolea, ni umeme kiasi gani mtu anaweza kuushika na bado akaweza kufungua mkono wake. Kwa wanaume wastani ulikuwa takriban miliampea 16, kwa wanawake takriban 10 na kitu. Ukizidi hapo misuli ya kiganja hujikaza na mtu hawezi kuachia hata akitaka. Ukizidi zaidi, moyo huanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Kwa mwili mdogo wa mtoto viwango hivyo viko chini zaidi. Ndiyo maana soketi inayokata kwenye miliampea 5 inaonekana kuwa na wasiwasi mwingi. Imetengenezwa hivyo makusudi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulikosea hapa. Utasikia kwamba nyumba isiyo na waya wa ethi haina haja ya soketi hii, eti haitafanya kazi. Inafanya kazi. Inalinganisha waya wa moto na nyutro tu, ethi haihitaji. Upande wa pili wa shilingi nao uufahamu: mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku hana njia ya kwenda ardhini, soketi itaona hesabu imelingana na haitakata. Kwa hiyo kuwapo kwake si ruhusa ya kuchezea nyaya.

Tuje kwenye kifo cha soketi tatu kwa pamoja. Nyuma ya soketi ya usalama kuna sehemu mbili za kufungia nyaya. Moja imeandikwa LINE, hapo umeme unaingia kutoka kwenye breka. Nyingine imeandikwa LOAD, hapo umeme unatoka kwenda kulisha soketi nyingine mbele yake. Fundi aliyeiwekea nyumba yako nyaya aliitumia ya jikoni kuzilinda za bafuni na nje. Hizo mbili huenda zina sura ya kawaida kabisa, lakini zinaishi chini ya ulinzi wa ile ya jikoni. Ikikata, zote zinazima. Uvujaji ukitokea kwenye yoyote kati ya hizo, inayokata ni ya jikoni, hata kama haina kitu kilichochomekwa.

Sasa unganisha hilo na mvua. Friji ilishaondoka jikoni, mambo yakatulia, mvua ikanyesha, soketi ikakataa kurudi. Mshukiwa wangu wa kwanza ni soketi ya nje ukutani. Maji yakiingia kwenye boksi lake hulowesha nafasi kati ya waya wa moto na ethi, au kati ya nyutro na ethi, na umeme huanza kupenya humo. Vumbi na chumvi kidogo vikichanganyika na maji vinatosha. Kwa maoni yangu, basi, una matatizo mawili yaliyokutana kwenye soketi moja: friji inayovuja, na maji kwenye soketi ya nje. Kwa mbali siwezi kuapa, lakini vipimo vifuatavyo vitakuonyesha, na vingi unaweza kuvifanya bila kufungua skrubu hata moja.

Kwanza tazama, nusa, na sikiliza. Ukiona soketi yoyote kati ya hizo tatu ina alama ya kuungua, harufu ya plastiki iliyoungua, joto, au sauti ya kutatarika, zima breka yake na uishie hapo, umwite fundi. Vivyo hivyo ukiona maji yanachuruzika ukutani au ndani ya boksi la breka. Hilo usiliguse kabisa.

Kama hakuna dalili hizo, hakikisha kwamba soketi ya jikoni inapata umeme. Soketi nyingi za siku hizi hazikubali kurudi kama umeme hauingii upande wa LINE, kwa hiyo watu huilaumu soketi kumbe umeme haujaifikia. Kusema breka ziko juu hakutoshi. Breka iliyokata mara nyingine husimama katikati, na kwa macho utadhani iko juu. Sukuma ile ya jikoni hadi chini kabisa, kisha irudishe juu. Halafu zunguka nyumba utafute soketi nyingine yenye vitufe viwili, hasa sehemu za stoo, gereji, bafu la pili na nyuma ya makabati. Inawezekana kuna moja iliyotangulia ya jikoni, nayo imekata kimyakimya nyuma ya maboksi. Kama soketi yako ina taa ndogo, usitegemee nilichosema mimi wala mtu mwingine kuhusu rangi yake, kwa kuwa kila mtengenezaji ana maana yake. Soma karatasi iliyokuja nayo.

Baada ya hapo chomoa kila kitu kwenye soketi zote tatu zilizokufa. Nimesema chomoa, sikusema zima. Swichi ya kifaa mara nyingi hukata waya wa moto peke yake, nyutro inabaki imeunganishwa. Kama ndani ya kifaa nyutro inagusa bodi, kitaendelea kuvuruga hesabu hata kikiwa kimezimwa. Angalia vitu vinavyosahaulika: mashine ya kunyolea inayochajiwa bafuni, taa ya nje, pampu ndogo, kengele ya mlango, chaja iliyoning'inia bila simu.

Kisha, mikono ikiwa mikavu, bonyeza RESET, kile kitufe cha kurudisha umeme, kwa nguvu hadi usikie mlio wa kushika. Ikishika, acha kama nusu saa huku hakuna kilichochomekwa. Ikitulia, rudisha vifaa kimoja kimoja, na kila kimoja ukiwashe na kukiacha kifanye kazi yake yote. Hapa wengi huharakisha. Birika au pasi yenye elementi iliyopasuka inaweza kuwa kimya ikiwa baridi na kuanza kuvuja ikishapata moto. Mashine ya kufulia inaweza kuvuja wakati wa kupasha maji tu. Ukikipata kinachokata, kijaribu kwenye soketi nyingine ya usalama, siyo kwenye ya kawaida. Ikikata na huko, kifaa ndicho kibovu, na hakitumiki tena hadi kitengenezwe.

Huenda ukakuta kila kifaa peke yake hakikati, ila vikikutana vitatu soketi inakata. Usishangae. Uvujaji hujumlishwa. Vifaa vingi vya kielektroniki huvujisha kiasi kidogo kinachoruhusiwa, kupitia vichujio vyake, bila kuwa vibovu. Vitatu vyenye miliampea 2 kila kimoja vinafanya 6, na soketi yenye kikomo cha 5 lazima ikate. Hapo tiba ni kuvigawanya kwenye saketi tofauti, yaani njia tofauti za nyaya kutoka kwenye breka, zenye ulinzi.

Na ikiwa kila kitu kimechomolewa na bado inakataa kurudi, kama ulivyoeleza? Basi tatizo liko kwenye nyaya zinazotoka LOAD, kwenye zile soketi mbili za mbele, au kwenye soketi ya usalama yenyewe. Jambo moja unaloweza kufanya bila ufundi ni kuipa soketi ya nje nafasi ya kukauka. Zima breka, jiridhishe kwamba saketi yote imekufa, funika mahali mvua inapopiga, acha siku moja au mbili za jua na upepo, halafu jaribu tena. Ikirudi baada ya kukauka, umempata mhalifu, lakini hujamtibu. Mvua ijayo itamrudisha. Ndani ya boksi lile pengine tayari kuna kutu ya kijani kwenye skrubu, na kutu hiyo hushika unyevu hata kukiwa kikavu. Soketi hiyo itolewe, iwekwe nyingine ya kuhimili hali ya nje, yenye kifuniko kinachofunga hata plagi ikiwa imechomekwa, na tundu la waya ukutani lizibwe.

Hatua inayofuata ni ya kufungua soketi ya jikoni na kutenganisha nyaya za LOAD. Nitakueleza ili ujue fundi anatakiwa kufanya nini. Sikushauri uifanye kama hujawahi kufunga soketi na huna kipimo cha kukuhakikishia kwamba nyaya zimekufa. Fundi anazima breka, anapima kwamba kweli hakuna umeme, anaondoa nyaya mbili za LOAD na kuziba kila moja peke yake, kisha anawasha breka na kubonyeza RESET. Ikirudi na kukaa, soketi ni nzima na uvujaji uko mbele, bafuni au nje. Isiporudi ilhali umeme unaingia LINE kama inavyotakiwa, soketi yenyewe imekufa na ibadilishwe. Jaribio hili moja linamaliza ubishi wote kuhusu nani wa kulaumiwa.

Hapo ndipo nafika kwa jirani yako. Naamini ana nia njema, na kwa sehemu ana hoja. Soketi hizi huchakaa. Unyevu, joto na misukosuko ya radi huzimaliza, na baadhi ya za zamani hukata ovyo pale mota kubwa inapowashwa au kuzimwa karibu nazo, bila uvujaji wa kweli. Kwa hiyo inawezekana kabisa soketi yako inahitaji kubadilishwa. Ninachokikataa ni kuibadilisha kwa ya kawaida. Ulishafanya jaribio hilo bila kukusudia ulipoihamishia friji sebuleni. Kelele zilikwisha, na umeme ukahamia kwenye mlango wa friji. Akiiweka soketi ya kawaida jikoni, ataondoa ulinzi wa sinki, wa bafu na wa nje kwa mpigo mmoja, yaani sehemu tatu zenye maji kuliko zote nyumbani, huku uvujaji uliopo ukibaki palepale. Iwekwe mpya ya aina ileile. Akikwambia ataunganisha nyaya za LINE na LOAD pamoja ili "irudi", au akate pini ya ethi kwenye plagi, mshukuru kwa ukarimu wake na usimruhusu.

Kuhusu friji, una njia mbili. Ipelekwe au aitwe fundi wa friji apime uvujaji kati ya nyaya zake na bodi. Hita ya kuyeyusha barafu au waya uliochubuka hubadilishwa, na friji inarudi kazini. Kompresa ikiwa ndiyo inayovuja, hesabu inakuwa ngumu zaidi, na kwa friji iliyozeeka mara nyingi naona ni afadhali kuiaga. Wapo watakaokushauri friji isiwekwe kabisa kwenye soketi ya usalama, kwa hofu kwamba ikikata ukiwa safarini chakula kitaoza. Hofu hiyo ina msingi, na katika baadhi ya nchi kanuni zinaruhusu friji iwe na saketi yake. Lakini ushauri huo ni wa friji iliyopimwa ikaonekana nzima, yenye ethi iliyopimwa ikaonekana nzima. Yako kwa sasa haina sifa hata moja kati ya hizo. Na ekstensheni ile iondoe kabisa, usiitumie hata kwa kifaa kingine.

Mwite fundi umeme mwenye leseni bila kungoja kama soketi haikurudi baada ya kukauka, kama imerudi lakini inakata bila kitu kuchomekwa, kama unahisi kutekenywa kwenye bomba, sinki au kifaa kingine cha chuma, au kama nyumba ina umri mkubwa na hujui hali ya ethi yake. Mwambie uliyoniambia mimi: ilianza lini, friji ilikuwa inafanya nini, mvua ilinyesha lini, soketi zipi zilikufa pamoja. Taarifa hizo humwokolea muda mwingi. Mwombe apime ethi ya soketi zote, hasa ya sebuleni, na apime uimara wa maganda ya nyaya zinazokwenda nje. Kipimo hicho hufanywa kwa volti 500, na kinachokubalika katika utaratibu wa kimataifa ni angalau megaomu 1 (omu milioni moja za ukinzani) kati ya nyaya na ethi. Nyaya zilizo na afya hutoa namba kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. Kabla ya kupima anatakiwa kuondoa soketi ya usalama na vifaa vyote vya kielektroniki kwenye saketi, maana volti hizo huviharibu. Fundi anayekumbuka hilo bila kuambiwa yuko makini.

Kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kupigwa kwa nguvu na umeme wa friji hiyo, siyo kutekenywa tu, na baadaye akahisi moyo unakwenda mbio au unarukaruka, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au ana alama ya kuungua, aende hospitali leo. Mjamzito aende hata kama hahisi chochote. Na ikitokea mtu ameng'ang'aniwa na umeme, usimshike. Zima breka kwanza.

Kila kitu kikishatengenezwa, jaribu soketi kabla ya kuiamini. Chomeka taa ya meza, iwashe, bonyeza TEST, kile kitufe kingine cha kujaribu. Taa lazima izime. Bonyeza RESET, iwake. Rudia kwa kupeleka taa bafuni na nje huku ukibonyeza TEST ya jikoni, upate hakika kwamba ulinzi unafika huko. Ukibonyeza TEST kitufe kikaruka lakini taa ya jikoni ikaendelea kuwaka, nyaya za LINE na LOAD zimefungwa kinyume, mrudishe fundi siku hiyohiyo. Ukibonyeza TEST na kisitokee chochote, soketi haina ulinzi hata kama inatoa umeme. Ndivyo nyingi za zamani zinavyokufa: ulinzi unakwisha, umeme unaendelea kutoka, mwenye nyumba hajui. Zinazotengenezwa kwa utaratibu wa Marekani tangu katikati ya mwaka 2015 zinatakiwa kujipima zenyewe, lakini hata hizo zibonyeze TEST mara moja kwa mwezi. Vile vipimo vidogo vya kuchomeka vyenye taa tatu usivitegemee kwa jaribio hili kama soketi haina ethi, kwa sababu vinahitaji ethi ili kuikatisha. Kitufe cha TEST cha soketi yenyewe hakihitaji.

Friji iwe ya mwisho kurudi, moja kwa moja kwenye soketi ya jikoni bila ekstensheni. Iache ipitie mizunguko kadhaa ya kunguruma na kutulia, na ule wa kuyeyusha barafu pia, ambao huweza kuja baada ya saa nyingi. Kama katika saa 24 za kwanza soketi ikikata hata mara moja, ichomoe na umpigie aliyeitengeneza.